Mabakuli Sita Yenye Macho

Naanza na kosa langu, nisije nikafika katikati nikawa nimeshajipenda nikaliacha. Ramadhani ile nilikaa na mabakuli ya watu zaidi ya wiki, na sababu niliyowaachia majirani waifikirie haikuwa ya kweli.

Sisi huku Mji wa Kale, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea mbaazi za nazi kwenye bakuli lake, hulioshi ukampelekea likimeremeta hivyo hivyo. Unatia kitu, japo visheti vinne, japo ndimu tatu. Ukilirudisha tupu ni kama umemwambia chakula chake hakikupata pa kukaa. Kwa hivyo mtu akichelewa na bakuli lako humwulizi, maana pengine bado anatafuta cha kulitia, na ukimwuliza umemwaibisha. Mimi heshima hiyo ndiyo niliyoilalia. Vya kutia nilikuwa navyo. Mabakuli niliyaweka kwa sababu wajukuu wangu walikuwa wameyapenda, na mimi nilikuwa nimewapenda wakiwa nayo.

Shule niliishia darasa la saba, na daftari hili ni la miraba, lilibaki mwanangu alipomaliza hesabu zake. Sijui kama mambo haya yanastahili kuandikwa. Nayaandika polepole, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mwanangu anafanya kazi Liwatoni, kwenye samaki, anatoka alfajiri. Mkewe anauza kwenye duka la dawa. Wakiondoka wananiachia watoto wawili: msichana wa miaka minne kasorobo, na nduguye wa kiume wa miaka miwili iliyojaa pomoni. Tangu kuzaliwa kwao nimekaa nao mimi. Siku moja mwezi wa Shaabani, mkaza mwana wangu alirudi kazini, akakaa kwenye kiti cha jikoni kabla ya kuvua viatu, na hapo nikajua ana neno.

"Mama, Tononoka kuna nasari nimeiona. Nzuri. Wana vitu vya kuchezea vya kila rangi."

"Na hapa hawana?"

"Hapa wana mikebe, mama."

Alikuwa amesema kweli. Sakafuni palikuwa na mikebe mitatu ya maziwa ya unga, vifuniko vyake, chupa mbili za tomato, na mvulana aliyekuwa amevaa kichujio cha chai kichwani.

"Wote wawili?" nikauliza.

"Wanachukua hata wa miaka miwili. Baada ya Idi tutaona."

Ile "tutaona" niliisikia usiku na mchana. Wakienda wote wawili, nyumba ile ya ghorofa mbili ingebaki na mimi na friji. Nilijiuliza kama nataka kuwaweka kwa faida yao au yangu. Nadhani ni yote mawili, na sijui lipi linazidi. Lakini niliazimia jambo moja: mpaka Idi ifike, mtoto yule wa kike awe anajua kitu ambacho nasari haijui, na mamake akione kwa macho yake.

Michezo yenyewe sikuibuni mimi. Wa kwanza aliubuni mvulana. Nilikuwa nakaanga samaki, siwezi kuacha karai, naye akafungua kabati ya chini akatoa kila kitu chenye kifuniko, akavifunua vyote, vifuniko akavirusha huku, vyombo akavisukuma kule. Nilikuwa na mwiko mkononi na nia ya kuutumia. Halafu nikaona kwamba anachukua kifuniko cha deste anajaribu kukifunika kwenye kikombe cha kahawa, hakikai, anakitazama kikombe kwa hasira kama kwamba kikombe ndicho kilichokataa. Nikamwambia, "Kitafutie mwenyewe wake." Samaki wakaiva, wakaepuliwa, wakapoa, bado anatafuta. Tangu siku hiyo kila asubuhi tulikuwa na kazi ya kuozesha vifuniko, kila kimoja na chombo chake.

Kisha tukaingia kwenye maji. Nilitumia ya kisima, yale ya chumvi, si ya kununua kwa mitungi, nisingethubutu. Nikawaweka uani na jagi, vikombe, chupa na faneli moja. Msichana alijifunza kwamba kikombe kirefu na bakuli fupi vinaweza kubeba maji sawasawa, na akakataa kuamini hata alipoona. Mvulana alijifunza kuyamimina kwenye miguu yake. Haki ya mtu nisiidhulumu: maji yalishuka kwa mpangaji wa chini, mama wa Kigiriama anayefanya kazi ofisini mjini, yakamlowesha nguo alizoanika. Alipanda ngazi jioni, akasimama mlangoni.

"Mama, kwako kunanyesha?"

"Ni wajukuu."

"Basi waambie mvua yao inyeshe saa nne. Saa nne nguo zangu zimekauka."

Tukabadilisha saa.

Mchezo wa vibanio vya nguo ulikuwa wa kimya na ndio nilioupenda. Nilitoboa tundu kwenye kifuniko cha mkebe wa maziwa, wakawa wanatumbukiza vibanio kimoja kimoja, ta, ta, ta, halafu wanaumwaga mkebe na kuanza upya. Niliweza kusoma juzuu nzima. Siku ya tatu niliona kichochoroni kuna kitu cheupe kinapaa, nikasema mbona kama shimizi yangu. Ilikuwa shimizi yangu. Vibanio vyote vilikuwa ndani ya mkebe, kambani hakikubaki hata kimoja. Ilishuka mbele ya maalimu wa chuo, jirani yetu, akitoka kusomesha. Mungu amlipe, aliipita kama haioni, na mkewe akaniletea imekunjwa, mkononi kaishika kama barua.

"Hii mtu kaituma kwetu," akasema. "Sijui majibu yake."

Na upo mchezo mmoja ulioharibika. Nilitia kunde kwenye chupa ya plastiki ili mvulana aitikise. Aliitikisa siku mbili, siku ya tatu akaifungua akatia kunde puani. Nilimziba tundu la pili nikamwambia apulize, ikatoka, Alhamdulillahi.  Jioni nilimwambia mamake kabla hajavua viatu, kwa sababu kama ningengoja avivue nisingesema. Hakunigombeza. Alisema "Sawa, mama," na mimi nikaiona Tononoka inasogea. Kunde nilizipika. Tangu hapo hakuingia mchezoni kitu chochote kinachoweza kupita kwenye tundu la pua.

Ramadhani ikaandama na mabakuli yakaanza kutembea.

Lazima nieleze mabakuli haya. Miaka kadhaa nyuma, duka moja la vyombo kule Markiti lilileta mabakuli ya stili yenye kifuniko, na mtaa mzima ukayanunua, kama mtaa wetu unavyofanya. Matokeo yake kila nyumba ina mabakuli yale yale, na kila mtu ametia alama yake kwenye kitako kwa rangi ya kucha. Jirani yangu wa mkabala, ambaye dirisha lake na langu yanatazamana na wajukuu wangu wanamwita nyanya wa dirishani, alama yake ni nukta mbili nyekundu. Mke wa maalimu ana mstari. Mpangaji wa chini, ambaye ni Mkristo lakini Ramadhani hutuletea maboga ya nazi na Krismasi hupokea pilau, yeye alinunua bakuli moja makusudi asipitwe, akalitia alama ya pea, lile tunda. Yetu yana nukta moja.

Kufikia kumi la pili nilikuwa na sita: mawili ya nyanya wa dirishani, mawili ya mke wa maalimu, moja la mpangaji, moja letu. Ndivyo nilivyohesabu. Mtakuja kuona.

Msichana alikuwa ameyapenda kwa sauti. Nilimfunga macho kwa ukaya wangu, nikaligonga bakuli kwa kijiko, nikamwuliza, "La nani?" Mwanzo alikuwa anabahatisha na kujisifu. Baadaye nikagundua hagongewi tu, analeta pua pia. La nyanya wa dirishani lilikuwa na hiliki isiyotoka kwa sabuni yoyote. Ya mke wa maalimu yalinuka kitunguu thomu, na moja lilikuwa na mwanya kifunikoni, likigongwa linalia mara mbili. La mpangaji lilinuka sabuni tupu, mama yule anaosha kama anayetafuta kosa. Kila siku mtoto aliomba, "Nyanya, tugonge." Ningeyarudishaje? Nilipofuturisha mtu nilimpelekea kwenye vyombo vyangu vya udongo, na mabakuli yake nikayaficha nyuma ya pipa la unga. Wizi sidhani, lakini jina jingine silijui.

Siku yenyewe nilikuwa nimefunga na kichwa kinagonga. Nilitaka mchezo wa kukaa. Nikachukua chupa ya rangi ya kucha, nikatia nukta kwenye mikebe yetu na vifuniko vyake: mkebe wa nukta moja na kifuniko cha nukta moja, wa nukta tatu na cha nukta tatu, ili msichana ahesabu na kuoanisha. Akaoanisha yote, tena haraka. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Nikaifunga chupa, nikaiweka juu ya meza, nikaenda kuswali.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile: nikaifunga chupa. Leo nikinakili upya siamini sana kama niliifunga.

Nilikuwa kwenye rakaa ya tatu nyumba ikanyamaza. Mwenye kulea watoto anajua kimya kile. Nilimaliza faradhi, sunna nikaiacha deni, Mola anisamehe, nikaenda jikoni.

Mabakuli sita yalikuwa yamepinduliwa sakafuni kwa mstari, na kila moja lilikuwa na uso. Macho mawili mekundu, pua, na mdomo ulioanzia huku ukaishia kule. Alama za watu zilikuwa humo humo ndani. Nukta ya mtu imekuwa jicho, mstari wa mtu umekuwa mdomo, pea imekuwa pua yenye mafua. Mvulana alikuwa na jicho moja tumboni na ametulia, anasubiri likauke.

"Nimeyatia macho, nyanya," msichana akasema. "Yaone yanakokwenda, yasipotee."

Nilikaa chini. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa sababu nimefunga sikuwa na nguvu za kufanya hata moja. Nikapika kwanza, nikijiambia kuna siku nyingi, nitatafuta njia.

Hazikuwa nyingi. Saa tisa na nusu nyanya wa dirishani akafungua dirisha. Huyu ni mtu mwema, na ulimi wake ni mkali, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

"Shoga!"

"Labeka."

"Wakwe zangu wa Malindi wameamua kufuturu kwangu leo. Nipe mabakuli yangu mawili."

"Nakutilia kitu kwanza."

"Usinitilie. Nipe hata matupu. Leo nimekusamehe."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kichochoro chetu ni chembamba na maneno hayana pa kwenda ila masikioni mwa watu. Kuambiwa nirudishe matupu, na kwamba nimesamehewa. Nilihisi uso wangu unawaka kama sahani ya mkaa. Na wakati ule ule nikasikia viatu vya mkaza mwana wangu kwenye ngazi, Ramadhani duka lao hufunga mapema.

Aliingia jikoni akasimama. Akatazama mabakuli, akatazama tumbo la mwanawe.

"Mama, haya ni nini?"

Nikamweleza yote: chupa, adhuhuri, dirisha, wakwe wa Malindi. Sikujificha isipokuwa kwenye ile wiki nzima ya nyuma ya pipa la unga, nayo niliitaja haraka haraka.

"Nna dawa ya kutoa rangi," akasema, kisha akajijibu mwenyewe. "Tukitoa macho, na alama zatoka." Akainua bakuli moja, akaligeuza. "Hili ni la nani?"

"Sijui."

"Na hili?"

"Wallahi sijui."

Alivuta pumzi. Sikumlaumu. Mimi ningekuwa yeye ningekuwa tayari niko njiani kwenda Tononoka na mtoto mmoja kila mkono.

Msichana alikuwa amekwenda kuchukua kijiko. Akaligonga bakuli lililo mikononi mwa mamake, akalinusa.

"La nyanya wa dirishani," akasema.

"Usicheze sasa, mama yangu."

"Sichezi. Lanuka hiliki."

Mamake akalinusa. Akanitazama. Mimi nikatazama kwingine, kwa sababu nilikuwa na tumaini na sikutaka lionekane.

Nyanya wa dirishani hakuwa mtu wa kungoja. Akaja mwenyewe, buibui begani, akapanda ngazi zetu akihema, akakuta nyuso sita zinamtazama.

"Hawa nao wamefunga?" akauliza.

Mkaza mwana akamweleza, na akaongeza, si kwa uhakika, kwamba mtoto anasema anayajua. Yule mama akakunja midomo.

"Anayajua? Mimi mwenyewe siyajui mpaka niyapindue." Akavua mtandio wake, akamfunga mtoto macho, tena akafunga vizuri, si kama mimi ninayeacha upenyo. Akayachanganya mabakuli kama karata. "Haya, bibi harusi. Gonga."

Watu wazima watatu tulisimama jikoni kwangu, tumefunga, sambusa hazijakaangwa, tukimsikiliza mtoto akigonga bakuli. Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza.

La kwanza lililia mara mbili. "La mke wa maalimu." Nyanya wa dirishani akakipima kifuniko, kina mwanya. La pili akalinusa sana. "La mke wa maalimu." Mkaza mwana akatoka dirishani akamwita mwenyewe, na mwenyewe akajibu kwamba yake yote yana mikwaruzo mitatu chini ya ukingo, maalimu aliikwaruza kwa msumari. Yalikuwa nayo yote mawili. La tatu: "La mama wa chini, lanuka sabuni." Hapo hakuna aliyebisha. La nne, la hiliki: "La nyanya wa dirishani." Yule mama akapitisha kidole ndani, akaona kibonyeo anachokijua yeye.

"Lilianguka siku ya harusi ya mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Endelea."

La tano: "Letu."

La sita akaligonga, akaligonga tena, akaliinua kwa mikono miwili. "Na hili letu."

"Hilo langu," akasema nyanya wa dirishani. "Nilileta mawili."

"Letu," mtoto akasema chini ya mtandio. "Lalia kama letu."

Hapa nilitamani ardhi inimeze, maana kwa mabakuli manne alikwisha kutuheshimisha, na sasa anamnyang'anya mtu mzima chombo chake mbele ya mamake. Nikasema, "Mpe nyanya bakuli lake." Hakulitoa. Ni mkaza mwana aliyelichukua, akaliweka kwenye kiganja kimoja, na lile la tano kwenye kiganja cha pili, kisha akabadilisha na la hiliki. Mtu wa duka la dawa ana mkono wa kupima.

"Haya mawili ni mazito," akasema. "Hili la hiliki ni jepesi."

 Nikakumbuka, na nikaona nikikaa kimya nitakuwa nimemdhulumu mtoto: yetu tuliyanunua kwenye mzigo wa kwanza, kabla ya duka kuleta mepesi. Tulinunua mawili. Moja lilipotea siku za hitima ya mume wangu, kabla hatujayatia nukta, vyombo vya mtaa mzima vilipochanganyika uani kwangu. Nililisema hilo kwa sauti ndogo.

Nyanya wa dirishani alikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Siku ile," akasema, "nilirudi na vyombo visivyo na alama, nikavitia nukta mbili vyote. Nilisema mwenyewe akija atanambia." Akanitazama. "Mbona hukuja?"

"Nilidhani unatafuta cha kulitia."

Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka, na mkaza mwana wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Shaabani. Miaka yote ile bakuli langu lilikuwa likija kwangu na mbaazi, na mimi nalirudisha na visheti.

Niseme na upande wa pili. Hakuna shahidi. Uzito unaweza kuwa wa bahati, na mama yule pengine alikuwa na haraka ya wakwe zake akaona heri akubali. Mtoto alipata manne bila ubishi, letu la nukta moja likawa la tano, na la sita nimeliandika nusu. Tano na nusu kati ya sita.

"Basi leo naliazima," akasema nyanya wa dirishani, akayachukua yote mawili, la hiliki na la ubishi. Mtoto, ambaye sasa amefunguliwa macho, akamzuia mlangoni.

"Hayaendi matupu."

"Mimi nimesamehe, mwanangu."

"Hayaendi."

Sambusa zilikuwa mbichi, uji haujachemka. Mtoto akaenda kwenye mkebe wake, akatoa vibanio viwili vya nguo, akatia kimoja kila bakuli, akafunika. Nyanya wa dirishani akashuka ngazi na vibanio vyake vikilia ndani, kwenda kuwapokea watu wa Malindi. Nimesikia baadaye kwamba hakuvitoa. Aliviweka kando ya sahani ya tende na kuwaambia wakwe zake kisa kizima, na katika kisa chake mimi nilikuwa nimeficha mabakuli kumi na mawili.

Baada ya futari mkaza mwana aliosha, mimi nikafuta. Nilingoja.

"Mama, nasari ataenda."

Nikaendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Asubuhi tu," akasema. "Saa sita namtaka hapa. Mtoto anayejua hivi anataka wenziwe wa kumfundisha, la sivyo atatufundisha sisi." Akalifunga bomba. "Na huyu mdogo abaki kwako mpaka ajue pua si mkebe."

"Na mabakuli?"

"Mabakuli ya watu, mama, yarudi siku ya pili."

Nilikuwa nimetaka akubali kwamba nimeshinda. Alikubali nusu, na nikifikiria kunde ile, nusu ilikuwa ndiyo haki yangu. Nikasema sawa.

Idi ikapita. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa akaja na karatasi ya nasari, orodha ya vitu vya kununua na kupeleka. Akaisoma jikoni, kwa sauti: kalamu za rangi, leso, kandambili. Akafika mstari wa mwisho akausoma polepole kuliko mingine.

"Mikebe mitupu mitatu yenye vifuniko, ya kuchezea."

Hakuniangalia. Na mimi, namshukuru Mungu, niliifunga midomo yote miwili kwa nguvu. 

Asubuhi ya kwanza ikawa kazi. Mtoto amevaa sare, viatu vyeupe, mikebe mitatu kwenye mfuko, na haondoki. Mamake amechelewa.

"Wamesema mitupu," mamake akamwambia.

"Haiendi mitupu."

Nikakaanga mahamri haraka haraka, matatu kila mkebe, ya mwalimu. Wakashuka ngazi. Nilibaki na mvulana na vifuniko vilivyobaki, na nyumba ilikuwa na sauti ya kutosha, ingawa mara mbili nilijikuta nagonga bakuli na kuuliza la nani, na hakuna aliyejibu.

Saa sita na robo alirudi. Alikuwa na mkebe mmoja, ameukumbatia.

"Na mingine?"

"Mwalimu bado anatafuta cha kutia."

Nikaufungua ule mmoja. Mlikuwa na mchanga, kipande cha chaki, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho si chake, kidogo, chekundu, na kimefungwa kamba vizuri.

"Cha nani hiki?"

Akakigonga kwa kijiko, akakinusa, akafikiri.

"Cha rafiki yangu," akasema. "Kesho narudisha."

Nikatazama ndani ya kile kiatu, nikapima kwa jicho. Visheti viwili vingeingia, vikikatwa vidogo.